Ngata Iliyoandikwa Usiogope

Mimi ni mwoga, na sioni aibu kulisema, kwa kuwa mtaa wetu wote wa Bukom unajua. Mbwa akibweka mtaa wa pili, mimi huku nafunga mlango. Basi Mchungaji Nortey aliposimama mbele ya kanisa akatangaza kwamba Ijumaa ya pacha tutatoka sote kwenda kuhubiri barabarani, magoti yangu yalielewa kabla ya masikio.

"Nasema sote," aliongeza. "Kwaya, akina mama, wazee. Siku hiyo mji mzima uko nje, na wageni wamejaa kutoka kila upande. Tunataka watufuate humu ndani kwani sisi ni wali?"

Watu walicheka. Mimi nilikuwa naangalia vitambaa vyeupe vilivyorundikwa mezani, ambavyo kila mmoja wetu angejifunga shingoni. Vilikuwa vimeandikwa kwa herufi nyekundu neno tulilopewa mwaka ule: USIOGOPE.

Kwetu pacha wa kike hawahangaikiwi majina. Anayetangulia ni Akuele, anayefuata ni Akuokor, yamekwisha. Mimi ni Akuokor. Akuele wangu yuko makaburini tangu tulipokuwa tunang'oka meno ya utoto.

Kila nyumba yenye pacha ina beseni lake, lenye maji na majani machungu na pembe za mnyama wa porini. Ijumaa ile, kesho yake ikiwa Homowo, sikukuu yetu ya mavuno, mtu wa nyumba hujitwika beseni hilo na kulizungusha mjini mpaka ufukweni, na nyumba nzima humfuata ikiimba. Njiani beseni haliguswi na ardhi. Sisi letu liliguswa. Shangazi yetu alijikwaa kwenye mfereji, beseni likapiga kelele ya bati mbele ya umati, na mvua za mwaka uliofuata zilimkuta Akuele amekwisha kufa kwa homa.

Sikufichwa sababu. Niliambiwa mchana kweupe na kila aliyekuja msibani: beseni limeanguka, limemchukua mmoja. Kisha wananiangalia mimi, wanatikisa kichwa, wanasema, "Bado mmoja."

Nimekua na hayo maneno mawili. Ndiyo yaliyonipeleka kanisani. Wengine huvutwa na upendo, mimi nilisukumwa na woga, nikaingia kama mtu anayekimbia mvua, na nikakaa. Mchungaji aliniombea, akaniambia kwamba mambo ya beseni yamefutwa. Nikaamini, na bado naamini. Ila kuamini ukiwa umekaa kwenye benchi la kanisa ni kitu kimoja, na kuamini ukiwa umesimama barabarani Ijumaa ya pacha ni kitu kingine. Miaka yote siku hiyo nilijifungia ndani na cherehani yangu, nikafungua redio kwa sauti ya juu nisisikie zile nyimbo.

Mwaka ule nilitoka. Nilitoka kwa sababu niliogopa kumwambia Mchungaji kwamba naogopa.

Tulisimama kando ya barabara, karibu na ukumbi wa ndondi. Mchungaji alikuwa na kipaza sauti chake cha betri, sisi wengine tuna vipeperushi. Wala hatukuwa wageni wa kupendwa. Katika mwezi wa ukimya kabla ya sikukuu, wakati mji hauruhusu ngoma, vijana wa mtaa walikuwa wamekuja kuchukua ngoma za kanisa letu katikati ya sifa, na shemasi mmoja alirudi nyumbani akiwa amepungukiwa jino. Sasa vijana walewale walikuwa wanapita mbele yetu wamejipaka chaki nyeupe, wanatuangalia vitambaa shingoni, wanacheka kichinichini. Kila aliyecheka nilimwona ana jiwe mfukoni.

Nilianza na mwanamume mmoja mwenye sura ya upole.

"Kaka, heri ya sikukuu. Naomba nikuambie habari njema."

"Niambie haraka, mabeseni ya akina Lamptey yanakaribia."

"Yesu anakupenda."

"Najua. Mama yangu ni Mmethodisti wa kupindukia, na mimi nimebatizwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nililia sana." Akachukua kipeperushi, akakikunja, akajipepea. "Yesu hana ugomvi na viazi vikuu tunavyowapikia pacha, dada. Wenye ugomvi ni ninyi."

Hapo nikasikia jina langu. Kwenye kibaraza cha nyumba ya nyuma alikuwa amekaa Bibi Oyoe, aliyekuwa jirani wa mama yangu, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kulala na njaa.

"Akuokor. Ni wewe, au miwani yangu imechoka?"

"Ni mimi, bibi. Nakuamkia."

"Pacha anagawa karatasi siku ya pacha. Makubwa haya. Lete moja nipangusie miwani." Nilimpa. Aliipangusia miwani kweli, akaivaa, akanitazama kwa muda mrefu, na sauti ikamshuka. "Mwanangu, utani kando. Rudi nyuma, usisimame hapo ukingoni. Beseni hujua watu wake."

Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mchungaji aliniona, akaja akanishika bega kwa upole, akanisogeza tena mbele. Ni mtu mwema na hana woga hata chembe, na ndiyo maana hajui woga unafananaje kwa mwenzake.

"Soma hicho ulichofunga shingoni, Sista Akuokor," aliniambia.

Mabeseni yakaanza kupita. Kabla ya kuyaona niliyanusa, yale majani machungu yaliyopondwa, harufu niliyokuwa sijaikaribia tangu utoto. Wabebaji walikuja wakikimbia, wakisimama ghafla, wakizunguka, macho yamepanda juu, na watu wa nyumba zao wakihangaika nyuma na mikono imenyooshwa tayari kudaka. Kila mmoja alipopita nilishusha pumzi. Huyu si wangu. Na huyu si wangu. Nilikuwa nimesahau kabisa vipeperushi.

Kisha akaja mwanamke mmoja aliyevaa shuka nyeupe, mwembamba, miguu peku, na beseni kubwa lenye pembe mbili zilizochomoza kwenye majani. Nyuma yake alikimbia mama kijana aliyewashika mikono wasichana wawili wadogo, mmoja kila upande, wamevaa mavazi meupe yanayofanana na wamepakwa udongo mweupe mikononi. Sikuwajua. Lakini nilijua majina ya wale watoto bila kuuliza.

Mbebaji alifika mbele yetu akaanza kuzunguka. Mchungaji naye alikuwa ameona umati umesimama, akaona nafasi, akainua kipaza sauti.

"Ndugu zangu," alianza, na kile chombo kikapiga mluzi mkali wa kutoboa masikio.

Yule mwanamke alishtuka. Mguu mmoja ulimpiga mwenzake. Ngata ikachomoka kichwani mwake ikaanguka, na beseni likainama upande wangu, polepole, likianza kumwaga maji. Nilimwona yule mama akiachia mikono ya wanawe. Alikuwa amefungua kinywa na hakuna sauti iliyotoka. Uso ule niliujua. Mama yangu alikuwa nao kwenye mfereji ule, na hakuuvua tena mpaka anazikwa.

Sikufikiri kitu. Ningefikiri ningekimbia. Vipeperushi vilitawanyika, mikono yangu ikapanda juu, nikalidaka beseni kwa vifua viwili, changu na cha yule mbebaji, maji machungu yakanijaa machoni na mdomoni. Mwanamke akateleza kutoka chini yake akakaa barabarani, akihema, hajui yuko wapi. Mimi nikabaki nimelikumbatia.

"Usiliweke chini," watu walisema kutoka kila upande. "Usiliweke chini."

"Nipokeeni," nilisema. "Jamani, mtu anipokee."

Hakuna aliyesogea. Wanaume wa vifua vipana, mabondia wa Bukom, walirudi nyuma hatua moja wote pamoja. Nani atagusa beseni la nyumba isiyo yake?

"Huyo ni pacha," Bibi Oyoe alisema kutoka kibarazani, na kila mtu akamsikia. "Mwacheni alibebe yeye."

Yule mama alikuwa amefika karibu nami. "Dada, nakuomba," alisema. "Dada, kwa hisani yako. Mpaka majini tu." Na bila kungoja jibu alinifungua kile kitambaa shingoni, akakizungusha haraka mkononi kikawa ngata, akaniwekea utosini. Watu wawili wa nyumba yake walinisaidia kulipandisha. Nikawa nimejitwika beseni la pacha, na chini yake USIOGOPE.

Nilitembea. Nasema nilitembea, lakini ni miguu iliyojiendea. Nilikuwa nasubiri. Watu wote walikuwa wanasubiri pia, nyimbo zimekatika, wanataka kuona litakavyonishika, maana linamshika kila anayelibeba, linamkimbiza na kumzungusha apende asipende. Shingo yangu ilikuwa inacheza. Sikujua kama ni beseni linalonivuta au ni mimi ninayetetemeka, na mpaka leo sijui. Kila mfereji niliouona ulikuwa ni ule mfereji. Bado mmoja, kichwa kiliniambia kwa kila hatua, bado mmoja, na sikuwa nauona uso wa mtu ila maji na majani yakinichuruzika.

Nyuma yangu kipaza sauti kikapata uhai.

"Sista Akuokor! Weka chini kitu hicho. Nakwambia kwa jina la Bwana, weka chini."

Umati ukapiga kicheko. "Mkristo amekamatwa," mtu alisema. "Leo sadaka imeenda upande mwingine." Kipeperushi kilichokunjwa kikanipiga shavuni. Mchungaji aliita tena jina langu, na mara hii sauti yake ilikuwa na machungu, kama mzazi. Ningeweza kulitupa. Ningelitupa pale ningekuwa shujaa wa kanisa mpaka Krismasi. Lakini mama yule alikuwa ubavuni kwangu, nguo yake inagusa mkono wangu, na nilisikia pumzi zake.

"Usinitupie, dada," alinong'ona.

"Sitakutupia."

"Unatetemeka."

"Natetemeka. Wewe niangalizie mifereji tu."

Akaniangalizia. "Kulia kidogo. Inua mguu. Hapo kuna jiwe." Nami nikawa naomba kimoyomoyo, sala isiyo na mpangilio wowote, Yesu nishike, Yesu nishike, kama mtoto anayevuka barabara. Vile visichana viwili vilitembea mbele yangu vikinigeukia kila mara. Mmoja alikuwa anakohoa.

Tulifika ufukweni. Mikono mingi ikalipokea beseni, ikamwaga majani yake majini, watu wa nyumba wakapiga vigelegele. Mimi nilikaa mchangani nikatapika majani.

"Naitwa Korkoi," yule mama alisema akinishika paji la uso. "Mungu akuzidishie." Alipoondoka aliondoka na ngata yangu, na sikuwa na nguvu ya kumwita.

Jioni ile Mchungaji alikuja nyumbani. Hakukaa alipokaribishwa.

"Nieleze tu nielewe," alisema. "Ulipolidaka, ulikuwa unaamini nini? Maana kama halina nguvu, ungeliacha lianguke, watu waone kwamba hakuna linalotokea. Hayo yangekuwa mahubiri makubwa kuliko yangu yote."

"Niliogopa, Mchungaji."

"Uliogopa beseni?"

"Nilimwogopea yule mama."

Alijifuta uso. Nilimwonea huruma, alikuwa hajalala vizuri kwa ajili ya siku ile, na siku ile nimeupa mji mzima cha kuchekea. "Neno letu la mwaka limetembea Bukom chini ya pembe," alisema. "Pumzika kidogo kuongoza akina mama wa kanisa. Tutaomba." Alipotoka nililia. Alichouliza kilikuwa swali la haki. Kama kweli niliamini mambo yale yamefutwa, mikono yangu ilipanda juu kufanya nini?

Jumamosi ya Homowo ikapita mbele ya dirisha langu na harufu yake ya kpokpoi, chakula chetu cha mahindi, na mchuzi wa mawese. Sikutoka kula hata tonge.

Jumapili ya Homowo mji wetu huamka ukilia. Kabla jua halijapanda kila nyumba huwalilia wafu wake wa mwaka, mtaa baada ya mtaa, halafu watu hufuta machozi, hutembeleana na kusameheana. Nilikuwa nimelala macho nikiwasikiliza pale mlango ulipogongwa. Nilidhani ni mtu wa salamu amewahi mno. Nikafungua.

Alikuwa Korkoi. Mtoto mmoja alikuwa mgongoni, kichwa kimemlegea, mwingine ameshika upindo wa nguo yake. Mkononi alikuwa na kitambaa changu, kimefuliwa, kimekunjwa vizuri. Hakunipa.

"Uliomba nini chini ya beseni letu?" aliniuliza.

Sikumwelewa.

"Nilikuona midomo. Uliomba nini? Mwanangu anaungua tangu jana. Nyumbani wanasema Mkristo ameliharibu beseni. Shemeji zangu wanakuja huku, wamebaki wakibishana nani atangulie. Mimi nimewahi nikuulize mwenyewe, mwanamke kwa mwanamke. Uliomba nini?"

Nyuma yake uchochoro ulikuwa mtupu, na kutoka kila upande vilikuja vile vilio, na kila sauti ya mwanamume niliyoisikia nilidhani ni shemeji. Nilitaka kufunga mlango. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika komeo.

"Niliomba nisianguke," nilisema. "Basi. Niliomba nisikuangushie."

"Na hukuangusha." Sauti yake ilipasuka. "Halikuanguka, dada. Watu wote waliona. Nimefanya kila kitu. Viazi vikuu, mayai, nguo mpya, nimefanya kila kitu na halikugusa chini. Kwa nini sasa?"

"Ni yupi?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Akuele."

Niliweka kiganja kwenye shingo ya mtoto. Lilikuwa joto lilelile. Nililala kitanda kimoja na joto lile nilipokuwa mdogo, mpaka asubuhi moja likapoa. Nami nikajikuta nasema, na maneno yalikuwa yanatoka kwanza, akili inafuata nyuma.

"Letu lilianguka," nilimwambia. "Sisi letu lilianguka kwenye mfereji, mbele ya watu, na Akuele wetu akashikwa na homa. Lako halikuanguka. Nimelibeba mwenyewe, najua halikuanguka. Na homa ni hii hii, Korkoi. Ni hii hii."

Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni.

"Sikiliza. Letu lilipoanguka walikaa. Walijua sababu, kwa hiyo walikaa wakalia, wakachinja kuku, wakangoja. Hakuna aliyempeleka popote." Nilikuwa sijawahi kulisema hilo, wala kulifikiri. Miaka yote nilikuwa naliogopa beseni, na beseni la watu lilikuwa bati na majani. "Mlete mtoto. Twende hospitali."

"Wanasema nikimtoa nyumbani..."

"Bado mmoja. Najua wanachosema. Mlete."

Tulikimbia. Sikufunga hata mlango, mimi ninayeufunga mbwa akibweka tu. Nilimbeba yule mdogo mwingine, Akuokor mwenzangu, na njia nzima tulipishana na watu wenye macho mekundu waliokuwa wameanza kupeana mikono. Kwenye kona tukakutana na wanaume watatu wa nyumba yao. Mmoja alinyoosha mkono anizuie.

"Mwanamke, unampeleka wapi mtoto wetu?"

Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto. "Hospitali. Mkitaka kunipiga, nipigeni nikirudi. Mnajua mahali nakaa, mlango uko wazi."

"Mwache apite," Korkoi alisema. "Mimi ndiye mama." Na hakupunguza mwendo hata kidogo, ikabidi wao wajiondoe njiani.

Hospitali siku ile ilikuwa na muuguzi mmoja mwenye miguu iliyovimba. Alimchoma mtoto kidole, akaondoka, akarudi haraka kuliko alivyoondoka. Malaria, alisema, na imepanda. Akamtundikia maji ya dripu, akamchoma sindano. "Mmewahi," alituambia akiandika. "Mngengoja zamu ya jioni, ningekuwa nazungumza mengine."

Tukakaa kwenye benchi. Ndipo mwili wangu ulipokumbuka kuogopa, ukaanza kutetemeka wote, meno yakigongana, na sikuweza kuuzuia. Kutoka mbali kilisikika kipaza sauti cha kanisa letu, ibada imeanza, Mchungaji anawaambia watu wasiogope. Akuokor mdogo alikuwa mapajani mwangu. Alinivuta mkono.

"Akuele akifa, na mimi nitakufa?"

Korkoi alifumba macho. Mtoto wa umri ule, na wamekwisha kumpa yale maneno mawili.

"Nani amekwambia?"

"Bibi. Na shangazi. Wanasema tunafuatana."

Nilimgeuza anitazame vizuri. "Niangalie mimi. Mimi pia ni Akuokor. Akuele wangu alikufa nikiwa kama wewe, na mimi niko hapa, nimekuwa mtu mzima, nashona nguo, nakula. Sikumfuata. Tena Akuele wako hafi. Umemsikia muuguzi."

Alinigusa shavu, kisha mkono, kama anayekagua kitambaa. Halafu akaegemeza kichwa kifuani mwangu.

Yule mgonjwa aligeuka kitandani akaomba maji, na mama yake akamnywesha kwa kijiko. Aliporudi kwenye benchi alikitoa kile kitambaa changu, akakifungua juu ya magoti yake, akakitazama.

"Hawa wenzako wanapita kwetu kila mwaka," alisema. "Wana kipaza sauti, wana nguo zilizopigwa pasi. Wanatuambia tusiogope. Mimi huwatazama nikasema, hawa hawajui kitu, hawa hawajawahi kuogopa, nitawasikiliza vipi?" Alipitisha kidole kwenye zile herufi nyekundu. "Lakini wewe ulikuwa unatetemeka mpaka maji yanamwagika, na hukunitupia. Na leo unatetemeka, na umekuja. Huyo uliyekuwa unamwomba chini ya beseni, niambie habari zake. Usinisomee karatasi."

Sikuwa na karatasi. Zote zilibaki barabarani, moja kwenye miwani ya Bibi Oyoe. Nilimsogeza mtoto vizuri mapajani, nikajaribu kutuliza meno, hayakutulia, nikaona basi, nitasema hivyo hivyo. Nikaanza na dada yangu.